Pale Ukiingia, Umekaa

Katika jumba zima la sinema hakukuwa na mtu aliyevijua viti kama Mama Tochi. Alijua kipi kinalia ukikiegemea, kipi kimelegea mkono, na kipi kimegandwa na pipi ya mpira ambayo haitabanduka mpaka kiama. Mteja akichelewa, anampeleka gizani taratibu, tochi ameielekeza sakafuni ili asiwakere walioanza kutazama, kisha anamnong'oneza, "Hicho usikiegemee sana, mwanangu, kina hasira." Viti vyekundu vya sponji vilijipanga kutoka ukuta hadi ukuta. Na katika viti vyote hivyo, jamani, hakukuwa na hata kimoja alichoruhusiwa kukikalia.

Msinicheke. Ndivyo ilivyokuwa. Kazi ya mwanamke yule ilikuwa kukalisha watu, kutwa nzima, na yeye mwenyewe wima kama mlingoti. Mkitaka kukielewa kisa chake, lishikeni hilo neno moja tu, kukaa, maana ndilo lililomjengea jina mjini na ndilo lililotaka kumvunjia undugu.

Jumba lile lilikuwa moja kati ya mengi. Kampuni, waliiita hivyo tu, ilikuwa na majumba ya sinema karibu kila mji wa ukanda ule, na sifa yake kama mwajiri ilikuwa kubwa kuliko mabango yake. Watu walisema, "Pale ukiingia, umekaa." Mzazi mwenye mtoto aliyemaliza shule akawa anazurura, alimwombea kwanza kazi pale, mchumba baadaye. Si kwamba mshahara ulikuwa wa kutisha, la hasha. Ila mtu akiingia pale hatoki. Fundi wa mashine ya picha alikaa mpaka mvi zikamjaa kichwani. Muuza bisi alikaa mpaka akawa anawauzia wajukuu wa wateja wake wa kwanza.

Sifa hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliitwa hivyo hivyo, Mzee Mwenyewe. Ndiye aliyeianzisha Kampuni. Mlangoni mwa kila ukumbi aliweka benchi refu la mbao, lenye pa kuegemea, akasema hili ni la wafanyakazi, na mteja akitaka kukaa, viti vyake viko ndani, amelipia. Alikuwa akisema mtu aliyechoka miguu anamkaribisha mgeni kama anayemfukuza. Na mfanyakazi wake akijifungua, gharama za hospitali zilikuwa juu ya Kampuni, ndivyo alivyoamua, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kulifuta hilo.

Mama Tochi alikuwa na sababu zake za kumpenda. Mumewe alipougua ule ugonjwa uliomchukua, alikaa naye wodini muda mrefu, hata akasahau kwamba ana kazi. Mzee Mwenyewe alikuja hospitali kwa miguu yake, akavuta kigoda, akakaa kando ya kitanda akazungumza na mgonjwa habari za mpira. Wakati anaondoka akamwambia, "Wewe baki na mumeo. Tochi yako haina wa kuigusa." Aliporudi kazini baada ya maziko, akaikuta imetundikwa kwenye msumari wake, betri mpya ndani. Akalia palepale mlangoni, na wenzake wakamwacha alie mpaka achoke.

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu Kampuni? Popote alipokwenda, sokoni, saluni, kwenye foleni ya maji, aliisifu. "Ah, pale pana heshima, bwana wewe. Pale ukiingia, umekaa."

Halafu Mzee Mwenyewe akafa, na watoto wake wakarithi. Wakajenga jengo la vioo katika mji mwingine, wakaliita makao makuu, na kweli jina liliwafaa, maana kukaa kote kulihamia kwao. Sijui nani aliwaambia kwamba mteja akimwona mfanyakazi amekaa anadhani ni mvivu. Wakatunga sheria: kazini ni kusimama. Wakamleta na meneja kijana wa kuisimamia, na neno lake kubwa lilikuwa "Wima, jamani, wima!" hata watu wakamwita Bwana Wima, na mwishowe akawa anaitika. Benchi likaondolewa mlangoni likasukumwa chini ya ngazi, makopo ya rangi juu yake. Hata kikao cha wafanyakazi cha kila asubuhi, kikao!, kilifanywa watu wamesimama.

Mama Tochi aliumia, lakini aliendelea kuisifu Kampuni kama kawaida. Mimi namwelewa. Mtu akikufaa siku ya shida huendi kutangaza ubaya wa nyumba yake barabarani, hata kama yeye ameshazikwa na waliobaki ndani ni wengine. Jioni anarudi nyumbani, anatia miguu katika beseni la maji ya chumvi, na jirani akichungulia dirishani na kumuuliza kazi vipi, anamjibu, "Nzuri tu, tunashukuru."

Angekoma hapo, kisa hiki kisingekuwepo. Lakini alikuwa na mdogo wake, fundi cherehani, na huyo mdogo wake alikuwa na binti mmoja mwenye meno mazuri na cheko la karibu. Kila mtu alimwita Kicheko. Binti alikuwa akishona na mama yake sebuleni, wamekaa zao na cherehani mbili, redio katikati. Siku moja Mama Tochi akaja mbio na habari kwamba Kampuni inatafuta mtu wa kuchana tiketi mlangoni.

"Dada, una hakika na pale mahali?" mdogo wake akauliza, sindano mdomoni. "Nasikia mambo yamebadilika."

"Midomo ya watu tu hiyo. Mdogo wangu, mimi si nipo? Pale ukiingia, umekaa. Nakupa neno langu."

Basi kwa neno hilo Kicheko akaacha cherehani, kazi ya kukaa kutwa, akaenda kusimama mlangoni. Mwanzoni alifurahi. Alipenda watu, alipenda kuwaambia "karibuni" na kuwacheka watoto wanaogombania bisi. Akaolewa na dereva wa lori, kijana mpole. Akapata ujauzito. Hapo ndipo miguu ikaanza.

Kwanza ilivimba jioni tu. Kisha ikawa inaamka imevimba. Ikafika mahali viatu vyake vyote vikamkataa, akawa anakuja kazini na raba za mumewe, kamba zimelegezwa mpaka mwisho. Kuacha kazi hakuweza. Lori la mumewe lilikuwa limekufa injini na tajiri wake hana haraka ya kulitengeneza, na zaidi ya hapo, daktari alishasema mtoto amelala vibaya, huenda akazaliwa kwa upasuaji. Akiwa bado mfanyakazi, hospitali ni juu ya Kampuni. Akifukuzwa, ni juu yake na Mungu wake.

Mchana mmoja ukumbi ulikuwa nusu tupu, sinema imeshaanza, hakuna mteja mlangoni. Kicheko akakaa ukingoni mwa kiti cha mwisho karibu na mlango. Akasema apumzishe mgongo kidogo tu. Unajua tena. Bwana Wima akapita.

Hakupiga kelele, maana sinema ilikuwa inaendelea. Alimtoa nje, mbele ya muuza bisi na mama mkubwa wake, akamwambia, "Hili ni onyo la kwanza na ndilo la mwisho. Nikikukuta tena umekaa, kesho yake usirudi." Kicheko akaitika, "Ndiyo, Meneja," akarudi mlangoni. Siku hiyo hakucheka tena.

Mama Tochi hakusubiri. Alimfuata Bwana Wima ofisini, akamkuta amesimama nyuma ya meza ndefu, viatu amevua, anakanyaga sakafu ya baridi kwa soksi tu. Hata ofisini mle hamkuwa na kiti.

"Meneja, mwanangu, yule mtoto ana mzigo tumboni. Mwekee hata ndoo aigeuze akalie."

"Mama, unadhani mimi ni jiwe? Nilishawaomba makao makuu. Wamesema sheria ni moja kwa wote. Nikimruhusu yeye, mimi ndiye nitakayesimamishwa."

"Kwani sasa hivi umekaa?"

Bwana Wima akajitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akavaa viatu vyake, uso ukarudi ulivyokuwa. "Nenda, Mama. Wateja wanaingia."

Jioni ile Mama Tochi akapitia kwa mdogo wake. Habari zilikuwa zimeshafika. Fundi cherehani hakuinua kichwa, mguu uliendelea kukanyaga cherehani.

"Dada, uliniambiaje siku ile?"

"Mdogo wangu, hebu nisikilize—"

"Nilikusikiliza siku ile, inatosha. Uliniambia pale mtu akiingia amekaa. Haya, mwanangu kakaa kidogo tu, wanataka kumfukuza!" Akaisimamisha cherehani kwa kiganja. "Mimi sikumpeleka mwanangu kwa Kampuni. Kampuni naijulia wapi? Nilimpeleka kwa neno lako. Akianguka pale mlangoni na tumbo lile, usije hapa kunipa pole. Sitakufungulia."

Wawili hawa walikuwa wamelelewa kitanda kimoja. Mama yao alipofariki, ni Mama Tochi aliyemsuka nywele mdogo wake na kumpeleka shule kwa mkono. Hawakuwahi kupitisha wiki bila kuonana. Mama Tochi aliondoka pale, na njia nzima alikuwa akilitafuna lile neno. Umekaa, umekaa. Nani alimtuma?

Tangu siku hiyo, ndani ya jengo lile kukaa ikawa kama tusi. Wafanyakazi wakiona mwenzao anaegemea ukuta, wanamkonyeza: wewe, wasikuone. Naomba mlikumbuke hilo.

Sasa, huko makao makuu nako hakukuwa kwema. Vijana wa siku hizi hawasubiri mvi. Wanaingia Kampuni leo, mwezi ujao hawapo, na wakitoka wanaandika kwenye simu zao: rafiki zangu, msithubutu. Ile sifa ya zamani ikaanza kuchuja kama kitambaa cha bei rahisi. Wakubwa wakakaa, maana wao wana pa kukaa, wakaona dawa si kurekebisha kazi, ni kurekebisha sifa. Watafutwe wafanyakazi wa zamani katika kila mji, wapigwe picha wakiisifu Kampuni kwa maneno yao, na picha hizo ziwe zinaonyeshwa kwenye pazia kabla ya kila sinema.

Kwa hiyo asubuhi moja akafika binti nadhifu kutoka makao makuu, pamoja na mpiga picha mwenye kamera na taa ya kupofusha. Bwana Wima akiwa na wasiwasi wake alimwambia Mama Tochi maneno machache mno: "Wageni kutoka makao makuu wanataka kukuuliza swali."

Swali! Mtu ana mtoto wa mdogo wake aliyepewa onyo, halafu makao makuu wanafunga safari kuja kumuuliza swali? Akajua kuna aliyemchongea. Wakamsimamisha katikati ya ukumbi wa mbele, taa usoni, wenzake wote wamejipanga ukutani na mashati yaliyopigwa pasi, Kicheko miongoni mwao.

"Shikamoo, Mama," akasema yule binti wa makao makuu.

"Marahaba, mwanangu."

"Usiogope, tuambie tu ukweli wako. Je, umekaa hapa kwa muda gani?"

"Kukaa?" Mama Tochi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mimi? Nani kasema nimekaa? Aje alisemee hapa mbele yangu! Tangu lile benchi liondolewe sijakaa humu hata dakika moja. Muulizeni Meneja! Nakula nimesimama, nasinzia nimesimama, hata chafya napiga nimesimama! Mkinikuta nimekaa, ikateni hii miguu!"

Aliyeanza ni Kicheko. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili lakini cheko likapenya kwenye vidole. Muuza bisi akafuata, kisha fundi wa mashine, kisha ukuta mzima ukawa unatikisika kwa watu. Bwana Wima alikuwa ameufunika uso kwa kiganja.

"Mama, samahani," yule binti akasema, amechanganyikiwa, "nilikuwa na maana umefanya kazi hapa kwa muda gani?"

"Aaa! Kumbe hivyo!" Mama Tochi akajipiga paja, akacheka mpaka machozi. "Si ungesema, mwanangu! Umenitisha bure."

Lakini yule binti alikuwa ameacha kucheka. "Benchi gani hilo, Mama?"

Hapo kila mtu akakumbuka kuangalia viatu vyake. Binti alikuwa mgeni kwenye kazi, kiti chake cha huko kwenye vioo kilizunguka na kupanda na kushuka, na hakuwahi kufikiria kwamba wengine hawana. Akaona heri amalize alichotumwa. Akamfundisha Mama Tochi maneno ya kusema, maneno ambayo wakubwa waliyaokota mjini kwa kuyapenda: "Mimi nimekaa na Kampuni tangu ujana wangu. Pale ukiingia, umekaa."

Mama Tochi akafungua mdomo. Mawazoni akaiona cherehani imesimama, kiganja cha mdogo wake juu yake. Akafunga mdomo. Akajaribu tena, neno likakwama palepale.

"Siwezi, mwanangu."

"Ni maneno mepesi, Mama."

"Kwako mepesi. Mimi hilo neno limeshaniletea balaa nyumbani. Nikilirudia nimesimama hivi, mdogo wangu ataniona mwongo mpaka nife. Nipe pa kukaa, nitalisema."

Binti akageuka huku na huku. Ukumbi wote wa mbele haukuwa na kiti. "Lipo benchi chini ya ngazi," akasema fundi wa mashine, akiwa ameshaanza kutembea. Wakalivuta, wakayatua makopo ya rangi, wakalifuta vumbi kwa shati kuukuu. Mama Tochi akakaa. Kisha, kabla hajaambiwa lolote, akagonga ubao kando yake. "Kicheko, njoo."

Kicheko akamtazama Bwana Wima. Bwana Wima akaitazama kamera. "Njoo tu, dada," binti wa makao makuu akasema, "mkikaa wawili itapendeza." Basi wakakaa wawili, mama mkubwa na mtoto wa mdogo wake, tumbo katikati yao, na Mama Tochi akayasema yale maneno vizuri kabisa. Kicheko alikuwa anatabasamu, na halikuwa tabasamu la kazi. Alikuwa amekaa, basi.

Wageni walipoondoka tu, Bwana Wima akasema, kwa sauti ndogo na bila kumtazama mtu, "Haya, jamani. Wima." Benchi likarudi chini ya ngazi. Kicheko alijiinua kwa kushika ukuta. Mama Tochi akabaki ameishika tochi yake, amejaa hasira, na hasira yenyewe alijikasirikia yeye. Mara ya kwanza alimdanganya mdogo wake. Sasa uongo uleule umepigwa picha, na utazunguka ukanda mzima.

Sinema kubwa ya msimu ikaingia, na picha ya Mama Tochi ikaja pamoja nayo. Mchana wa kwanza ukumbi ulijaa pomoni. Na katika foleni, gauni lake la kutokea na mkoba kwapani, alikuwepo fundi cherehani. Hakuja kutazama sinema. Alikuja kuona kwa macho yake mahali mwanawe anaposimama. Kicheko alimchania tiketi, akasema, "Karibu, mama," na mama akaziangalia zile raba za mume, akapita. Mama Tochi akamwongoza kwa tochi mpaka kiti cha pembeni, karibu na njia. "Hiki ni kizuri," akamnong'oneza. Mdogo wake akakaa, akatazama mbele.

Taa zikazimwa. Na pazia zima likajaa uso wa Mama Tochi, mkubwa kama nyumba. Yuko kwenye benchi, Kicheko kando yake, na sauti yake inavuma kila kona: "Mimi nimekaa na Kampuni tangu ujana wangu. Pale ukiingia, umekaa."

Wakati huo Mama Tochi mwenyewe alikuwa njiani, chini ya pazia, anamtafutia nafasi mteja aliyechelewa. Mwanga wa pazia ulimmwagikia kichwani mpaka miguuni.

"Ala!" akasema mama mmoja wa mistari ya mbele, mwenye mdomo wake. "Si huyu hapa? Mbona kule kakaa na huku kasimama?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Mama, benchi lako umelisahau wapi?"

Angeweza kusema linapakwa rangi. Angeweza kucheka nao na kupita, ndivyo alivyofanya miaka yote. Lakini alipogeuka, macho yake yakakutana na ya mdogo wake, mwanga wa pazia umeyawekea nukta mbili za nuru, yanamngoja.

"Liko chini ya ngazi," akasema. "Limewekewa makopo ya rangi. Walilitoa siku moja tu, kwa ajili ya picha."

Vicheko vikapungua. "Na yule mjamzito wa kwenye picha?" mteja mmoja akauliza.

"Huyo ndiye aliyewachania tiketi. Yuko mlangoni, amesimama. Akikaa, anafukuzwa."

Watu waligeuka kutazama mlango. Wengi walikuwa wamepita pale, wamesema asante, hawakuona kitu.

"Haiwezekani," akasema yule mama mwenye mdomo, akafunga pakiti yake ya bisi kama mtu aliyemaliza mazungumzo. "Mimi sitazami chochote mpaka yule mtoto akae. Kaa!" Wa nyuma yake wakaitikia, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima ukawa unapiga makofi kwa mdundo: "Ka-a! Ka-a!" Fundi wa mashine, Mungu ampe maisha marefu, akaisimamisha picha palepale, wanawake wawili kwenye benchi, akawasha taa.

Bwana Wima akaingia mbio, tai begani. Akakuta watu wote wamemgeukia, wanampigia kelele akae. Akababaika, akatafuta kiti kwa macho. "Mimi?" akauliza.

"Si wewe! Mtoto!"

Alisimama pale katikati ya njia. Akaliangalia pazia, benchi la Kampuni, picha ya Kampuni, maneno ya Kampuni. Akamwangalia Mama Tochi, ambaye hakuyaondoa macho yake. Kisha akatoka. Hakuna aliyejua amekwenda wapi, pengine kupiga simu, pengine kuita askari, mpaka iliposikika miguu ya mbao ikikwaruza sakafu, kutoka kule kwenye ngazi, ikija, ikija, mpaka mlangoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa analivuta.

"Kaa, binti," wakamsikia akisema. "Wakiniuliza, nitawaonyesha sinema yao."

Waliokaa karibu na mlango wakamwona Kicheko akikaa, taratibu, mkono mgongoni. Wakapiga makofi mpaka vumbi la viti likaruka.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Simu kutoka makao makuu ilikuja, tena kali, lakini ikakuta katika miji mingine pia wateja wanaulizia benchi, na wafanyakazi wameshaanza kukaa kwa sababu wameona kwenye pazia kwamba inaruhusiwa. Wakubwa wakakaa tena, na safari hii wakaita maseremala. Baadaye wakatangaza kwamba huo ulikuwa mpango wao tangu mwanzo. Waacheni. Kicheko alijifungua kwa upasuaji, hospitali ikawa juu ya Kampuni, na mtoto ni wa kike, anacheka.

Lakini mchana ule taa zilipozimwa tena na sinema kuanza, Mama Tochi alibaki amesimama mahali pake pa siku zote, mgongo ukutani. Akasikia mtu anagonga sponji kwa kiganja. Mdogo wake alikuwa amesogea kiti kimoja ndani, ameacha cha pembeni wazi.

"Dada. Kaa."

"Niko kazini, mdogo wangu."

"Kaa, nimesema."

Akakaa. Kilikuwa kiti alichokipangusa maelfu ya mara, na hakujua kama kina ulaini ule. Akaizima tochi, akaiweka mapajani. Mdogo wake akaushika mkono wake, akaubana, na wakatazama mbele kama wateja wengine. Kitambo kidogo kikapita, kisha mabega ya Mama Tochi yakaanza kutikisika.

"Dada, unalia?"

"Mimi? Aa, wapi," akasema, akijifuta kwa ukosi wa sare. "Ni miguu hii."